Mwezi wa Kijani wa Marceline

Katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, siku zile mji wetu wa Likasi ulipokuwa ukiitwa Jadotville, filamu haikutazamwa tu, bali ilisemwa. Kulia kwa kitambaa cheupe, ndani ya ukumbi wa kambi, paliwekwa kiti kimoja cha mbao, na juu ya kiti hicho aliketi Symphorien akiwa na kipaza sauti mkononi. Wazungu waliomo ndani ya picha walifungua vinywa vyao, wakagombana, wakapanda farasi, wakalia; naye Symphorien akatuambia kwa Kiswahili walichokuwa wakigombania na farasi yule ni wa nani. Hakutafsiri neno kwa neno. Alitueleza kama jirani anavyomweleza jirani jambo lililotokea mtaa wa pili, na mara nyingine aliwaonya watu wa picha wenyewe: “Weye, usifungue ule mulango! Ah, amefungua. Muliona?” Nasi tulijibu ukumbi mzima: “Tuliona!”

Mchana alifanya kazi Shituru, katika jumba lile ambamo shaba huota polepole juu ya mabamba yaliyozamishwa ndani ya asidi, na vidole vyake vilikuwa na madoa ya kijani ambayo sabuni haikuyaweza. Alikuwa mwembamba, mpole wa mwendo, na nje ya ukumbi hakuwa msemaji hata kidogo. Ukikutana naye njiani alikuamkia kwa kuinua kofia, akapita. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya misheni, nyumba yangu ikitazamana na yake, na kwa muda mrefu nilishindwa kuamini kwamba sauti ile ya ukumbini na mtu huyu wa ng’ambo ya njia walikuwa mtu mmoja.

Maneno ya mchana alikuwa nayo mkewe, Marceline. Yeye alizaliwa Mwadingusha, katika familia ya wavuvi wa Lufira, karibu na maporomoko, mahali ambapo inzi wadogo weusi wa mtoni huwauma watu tangu utotoni na baada ya miaka huwanyang’anya macho. Alipoolewa aliona vizuri. Nilipomfahamu mimi aliona mwanga na kivuli tu: dirisha, moto, mtu akipita mbele ya taa. Hata hivyo hakukosa filamu. Alikuwa na nafasi yake katika benchi la mbele, karibu kabisa na kiti cha mumewe, na mtu akiikalia alimwambia bila hasira: “Baba, simama kidogo. Umeme ya hii sinema inatoka kwetu Mwadingusha. Ile mto ilikamata macho yangu, sasa inawasha picha. Hii nafasi ni yangu.” Sikumwona mtu aliyeweza kubishana na maneno hayo.

Kwake sinema ilikuwa mambo mawili: weupe unaochezacheza mbele ya uso wake, na sauti ya Symphorien ikiingia ndani ya weupe huo na kuujaza nyumba, mito, wanawake wenye kofia. Tulipotoka ukumbini tukijadiliana, yeye ndiye aliyekumbuka rangi ya gauni. Symphorien aliitaja mara moja tu, kwa ajili yake, na sisi wenye macho tulikuwa tumeisahau.

Kazi hiyo ya kusema ilikuwa na utaratibu wake. Kila Ijumaa jioni Padri Camille, aliyeendesha mashine ya filamu, alifunga milango ya ukumbi na kumwonyesha Symphorien peke yake filamu ya kesho yake. Symphorien aliitazama kimya, akarudi nyumbani nayo kichwani, akalala nayo, na Jumamosi alipokaa kwenye kiti chake alikuwa amekwisha kujua nani atakufa.

Basi ilikuwa Julai ya mwaka 1961, wakati wa baridi kavu, mwaka wa kwanza wa bendera ile yenye misalaba ya shaba. Tuliambiwa kwamba Katanga sasa ni nchi. Redio ilisema hivyo asubuhi na jioni, na redio hiyohiyo ilikuwa imetangaza, miezi michache kabla, kwamba mtu mmoja amefungiwa ndani ya chombo, akaizunguka dunia angani, akarudi mzima. Mambo yote mawili tuliyapokea kwa namna moja: tulitoka nje tukatazama juu, tukaona mbingu ni ileile, tukarudi ndani kula.

Ndipo Padri Camille alipomwita Symphorien misheni na kumpa bahasha kubwa. Ndani yake mlikuwa na bango moja la rangi na picha tatu za kubandika ukutani. Jina la filamu lilikuwa la Kifaransa, nami baadaye nilimweleza maana yake: watu wanaosafiri kwenda mwezini.

“Filamu yenyewe bado iko Elisabethville,” alisema Padri. “Itashuka na treni Jumamosi asubuhi, na jioni ileile tunaionyesha. Safari hii hutaiona mapema, Symphorien. Watangazie watu kwa kutumia hizi.”

Jioni hiyo niliwakuta uani kwao. Marceline alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na Symphorien amechuchumaa kando ya taa akiwa ameshika bango kwa ncha za vidole. Alikuwepo pia mzee Édouard, jirani wa upande wa pili, aliyestaafu kutoka machimbo ya wazi ya Kambove na ambaye hakuwahi kupita penye taa iliyowashwa bila kuketi.

“Anza na mwezi,” Marceline alimwambia mumewe.

“Mwezi ni kijani.”

“Kijani?” aliuliza Édouard. “Nani anasema?”

“Karatasi inasema. Ni kijani kama jiwe ya shaba kama inatoka mu udongo, mbele ya kuoshwa. Na mistari myeusi ndani.”

Jiwe hilo Marceline alilijua. Alikuwa na kipande chake, kilichosuguliwa kikawa laini, tangu zamani macho yake yalipokuwa mazima. “Bon,” alisema. “Naiona. Endelea na bantu.”

“Ni bantu batatu. Bamevaa nguo nene, nyeupe, toka shingo mpaka mu viatu. Kila muntu iko na kichwa ya kioo.”

“Kioo ya chupa ao ya dirisha?”

“Ya mviringo. Kama chungu kilichogeuzwa. Na bomba inatoka nyuma.”

“Hao ni bantu ba asidi,” alisema Édouard.

“Njo vile,” Symphorien aliitikia, na sauti yake ilianza kuamka, ile ya ukumbini. “Kwetu Shituru muntu akiingia mahali ya moshi anafunika uso. Kule banaenda, hewa inauma. Njo maana ya kioo.”

“Lakini beye banavaa muzuri,” Édouard alicheka. “Weye ulipewa kitambaa ya pua tu.”

Picha ya tatu ndiyo iliyotuletea mambo. Haikuwa na watu wala chombo. Ilionyesha shimo kubwa sana, kuta zake zikishuka kwa ngazi, ngazi baada ya ngazi, hadi chini penye giza. Na juu ya shimo hilo, katika mbingu nyeusi, ulining’inia mpira mweupe, mkubwa kupita kiasi. Symphorien aliitazama muda mrefu. Édouard alinyoosha mkono, akaichukua, akaisogeza karibu na taa hadi tukahofu kwamba itaungua.

“Hii ni Kambove,” alisema.

“Baba Édouard!”

“Minye nilichimba mule mpaka nywele ikakuwa nyeupe, unanifundisha? Ona ngazi. Ona namna ule ukuta unapinda. Njo hapa, ngazi ya tatu, nilikuwa nakaa kukula bukari yangu.” Na kidole chake kiligusa mahali hasa alipokuwa akila ugali wake wa mchana.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi niliyesoma nilitazama zile ngazi na kuona machimbo, kwa maana katika nchi yetu shimo la namna hiyo ni machimbo, nalo lilikuwepo kwetu kabla ya sinema. Symphorien alivuta pumzi. Nilimwona akiyaunganisha mambo kama alivyozoea kuyaunganisha peke yake siku za Ijumaa gizani.

“Sasa nimeelewa,” alisema polepole. “Hii ni mahali banatokea. Chombo kinasimama chini mu shimo, ili upepo usikiguse. Na ile nyeupe ya juu ni mwezi, unabangojea. Marceline, banatoka kwetu.”

“Banatoka Kambove,” Marceline alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. “Basi njia si ndefu.”

Siku mbili zilizofuata, alipotoka kazini, Symphorien alipita katika njia za kambi na pembe yake ya bati. Sijasikia tena tangazo la namna ile. Hakupiga kelele. Alisimama penye kona ya njia, akangoja mbwa wanyamaze, akasema: “Bamama na bababa, siku ya posho tunaenda mbali.” Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu, siku ya mgao wa unga. “Tutashuka mu shimo ya Kambove na bantu batatu ba kichwa ya kioo. Tutafunga mulango. Kisha moto, kama moto ya tanuru inapomwagwa, lakini chini ya miguu yetu. Na mwezi, bandugu, mwezi ni kijani. Nani hakuota shaba usiku? Kule njo inalala.” Watu walisimama na ndoo mikononi. Wengine walimfuata hadi kona nyingine ili wayasikie tena. Filamu hiyo hakuna aliyekuwa ameiona, hata msemaji wake, lakini kufikia Jumanne sote tulikuwa tumeanza kuikumbuka.

Jumatano maneno yalifika sokoni, na sokoni yalibadilika. Ilisemwa kwamba roketi imefichwa Kambove. Ilisemwa kwamba Wazungu wataondoka nayo na kuacha machimbo matupu. Mwanamke mmoja, aliyeuza dagaa, alikuwa na binamu aliyeisikia ikikoroma chini ya ardhi. Nyakati hizo askari walikuwa kila njia panda, na kila mtu alisubiri jambo bila kujua ni jambo gani. Mchana mmoja wa askari hao, jandarme, alifika misheni akamwuliza Padri Camille, kwa heshima lakini bila kuketi, roketi hiyo ni ya nani.

Padri alikuja kwa Symphorien jioni hiyohiyo. Nilikuwa nje nikimwagilia mchicha wangu, nami nilisikia kila kitu, kwa sababu alisema wazi kama mtu asiyetaka kuficha hasira yake.

“Nani alikuambia kwamba filamu ilipigwa Kambove?”

“Picha, mupe,” alisema Symphorien. Hivyo ndivyo tulivyowaita mapadri.

“Picha haikusema neno. Ulisema wewe. Mwaka huu watu wanalala na viatu miguuni, Symphorien, nawe unawatangazia kuna roketi machimboni! Unajua wanaweza kumpiga nani kwa ajili ya roketi?”

“Sikufikiri, mupe.”

“Hukuwa umeona, ukaeleza. Ndiyo kosa lako.” Padri alikuwa mtu mwema, mchovu, na alivua miwani yake akaifuta kwenye kanzu. “Filamu hii ina sauti yake, ya Kifaransa. Vijana wanaelewa. Jumamosi utakaa kwenye benchi kama wengine. Sitaki kusikia maelezo.”

Alipoondoka, Symphorien alibaki amesimama mlangoni. Marceline ndiye aliyesema kwanza, kutoka ndani.

“Kwa hiyo siku ya posho nitaenda kusikia Kifaransa.”

“Mwalimu atakueleza mu sikio.”

“Mwalimu Benoît?” Alijua kabisa kwamba namsikia. “Mwalimu anaeleza kama anaita majina mu darasa. Nitafika mwezini na kusema ‘présent’.”

Nilicheka peke yangu juu ya mchicha. Symphorien hakucheka.

“Nilikwisha kufua kitambaa yangu ya kwenda kule,” Marceline aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. “Sikia, Symphorien. Kama hausemi, beye bote batafika. Ni minye tu nitabaki chini. Mwanga itacheza, nami nitakuwa mu benchi.”

Kesho yake hakupita na pembe ya bati. Kambi ilikuwa kimya kwa namna ya ajabu, na jioni baridi ilishuka mapema, moshi wa mbabula ukilala chini juu ya paa. Mimi nilikuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi. Uani kwa jirani zangu nilisikia Marceline akisema:

“Lete ile ya shimo. Nieleze tena, polepole, usiruke kintu. Filimu sitaiona, basi hii karatasi njo filimu yangu.”

Symphorien alieleza. Alieleza ngazi, na vivuli vya ngazi, na jinsi upande mmoja wa shimo ulivyokuwa mweupe kama unga na upande mwingine mweusi bila kitu chochote katikati yake. Alieleza kwamba hapakuwa na majani. Hapakuwa na njia ya magari, wala reli, wala ndoo iliyosahauliwa.

“Na mwezi?”

“Uko juu. Mukubwa.”

“Yule mama wa kuni anaonekana?”

Kwao Lufira wazee walisema kwamba madoa ya mwezi ni mwanamke aliyebeba mzigo wa kuni kichwani. Marceline alimwona utotoni, na huyo alikuwa mmoja wa watu wachache aliowakumbuka kwa sura.

“Hapana,” alisema Symphorien. “Mama hayuko.”

“Angalia muzuri.”

“Naangalia. Kuna weupe umemwagika, kama maziwa ndani ya chai. Na chini ya maziwa kuna doa moja. Juu ni pana, linatokeza upande wa kushoto. Kisha linashuka, linakuwa jembamba.”

“Hakuna kuni?”

“Hakuna.”

“Basi huo si mwezi,” alisema Marceline.

Muda mfupi baadaye walibisha mlango wangu, yeye akimshika mumewe bega, mumewe ameshika picha. Walinieleza. Nilikuwa na tufe la dunia, la karatasi ngumu, ambalo masista walinipa lilipopasuka upande wa bahari. Nililiweka mezani karibu na taa, nikaiweka na picha kando yake, nikaligeuza polepole. Bahari ilipita, bahari tena, kisha Afrika ikaingia katika mwanga: pana juu, ikitokeza upande wa kushoto, ikishuka hadi kuwa nyembamba. Symphorien alitazama tufe, akatazama picha, akatazama tufe. Kisha akaketi kwenye kiti changu bila kuombwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Shimo njo mwezi,” alisema. “Beye bamekwisha kufika. Bamesimama kule, banaangalia nyuma. Na ile ya juu njo shiye, njo dunia yetu.”

Nilichukua kidole cha Marceline na kukipitisha juu ya tufe, kutoka upana hadi wembamba, nikakirudisha juu kidogo na kukisimamisha.

“Ni hapa?” aliuliza.

“Ni hapa, Mama. Katanga.”

“Na Lufira?”

“Ni nyembamba mno, hawakuichora.”

“Bon. Najua mahali inapita.” Aliacha kidole chake pale. “Symphorien, mu ile picha, minye pia niko ndani?”

“Weye pia. Na nyumba. Na kuku za Baba Édouard.”

“Muntu wa kule ananiona?”

“Hapana. Ni mbali sana. Haoni muntu hata mumoja. Anaona mahali peupe na mahali peusi.”

Marceline alicheka, kicheko kidogo cha mshangao. “Kumbe toka kule bote banaona kama minye.”

Tulitoka nje pamoja. Saa hiyo kiwandani walikuwa wakimwaga taka za tanuru, na mbingu upande huo ilipata wekundu, kisha ikaupoteza taratibu, kama inavyofanya hadi leo kumbukumbuni mwangu ninapokosa usingizi. Mwezi halisi ulikuwa umepanda juu ya paa. Marceline aliinua uso kuelekea mwanga wake, na hatukuhitaji kumwonyesha ulipo. Nilihisi, na nadhani sote tulihisi, kwamba ardhi iliyo chini ya viatu vyetu imening’inia mahali fulani, nyepesi, na kwamba mtu akikohoa kwa nguvu itayumba.

Ijumaa Symphorien alichukua pembe yake ya bati. Nilimkumbusha katazo la Padri.

“Alikataza kueleza filimu,” alisema. “Minye naenda kueleza kosa.”

Alisimama penye njia panda, watu wakamzunguka. Aliinua picha juu na kusema kwamba alikosea: hapakuwa na roketi Kambove, wala hapakuwahi kuwa nayo. Shimo hilo si la kwetu, liko mwezini kwenyewe. Na mpira ule wa juu ndio dunia, na wao wote wamo ndani, na soko limo, na misheni, na Mwadingusha pamoja na umeme wake. Picha ilipita mikono kwa mikono. Watu waliitafuta kambi ndani ya ule weupe, wakasogeza nyuso, wakakunja macho. Mzee Édouard ndiye aliyeumia.

“Sasa ile bukari yangu nilikulia wapi?”

“Mwezini, Baba Édouard.”

Alifikiri. “Njo maana muke yangu alikuwa anasema nachelewa kurudi.”

Kicheko kilitembea njia nzima. Marceline, aliyesimama kando ya mumewe, alisubiri kiishe, kisha akageuza uso wake kuelekea mwisho wa umati.

“Mupe,” alisema, “najua uko pale. Kinga yako inalia munyororo.”

Sote tuligeuka. Padri Camille alikuwa juu ya baiskeli yake, kinga kama tulivyoiita, mguu mmoja chini, na hatujui alikuwa amesikia kiasi gani. Watu walimpisha.

“Habari ya jioni, Mama Marceline.”

“Muzuri, mupe. Minye siombi kintu, nauliza tu. Ile filimu, weye umekwisha kuiona?”

“Bado.”

“Symphorien bado. Minye bado. Leo shiye batatu tuko sawasawa.” Alijifunga kitambaa chake vizuri begani. “Kesho weye utaona. Yeye ataona. Minye nitabaki kama leo.”

Padri alitazama picha iliyokuwa mikononi mwa mtu wa karibu, akaiomba, akaisogeza mbele ya miwani yake kama sisi tulivyofanya. Kisha akairudisha, akapanda baiskeli, akaondoka. Tulisikia mnyororo ule ukilia hadi kwenye njia ya misheni.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya jua kuzama. Treni ilikuwa imechelewa, na mikebe ya filamu iliingia moja kwa moja kutoka stesheni. Symphorien aliketi kwenye benchi karibu na mkewe, amevaa koti lake la Misa, mikono kati ya magoti. Kiti cha mbao kilikuwa kimeegemezwa ukutani, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Marceline alikuwa na kitambaa chake kilichofuliwa. Alikuwa amenyoosha shingo kidogo, akiungojea ule mwanga wake.

Padri Camille aliingia kwa mlango wa nyuma, akaweka mkebe wa kwanza kwenye mashine, akafunga utepe. Halafu alishuka kati ya mabenchi, nasi tulidhani anakwenda kuzima taa. Alikichukua kile kiti, akakisimamisha mahali pake upande wa kulia wa kitambaa cheupe, akaweka kipaza sauti juu yake, akarudi kwenye mashine bila kumtazama mtu.

Taa zilizimwa. Muziki ulilipuka, mkubwa, wa matarumbeta, na juu yake sauti ya mwanamume ikisema Kifaransa. Kisha vyote viwili vilipungua, vikapungua tena, kwa maana mkono wa Padri ulikuwa ukizungusha kitufe, hadi Kifaransa kile kikabaki kama watu wanaozungumza nyumba ya pili. Symphorien hakusogea. Nilimwona Marceline akimsukuma kwa kiwiko.

“Enda,” alimwambia. “Banakungoja.”

Aliinuka, akaketi kwenye kiti chake. Wakati huohuo, kabla hata ya majina ya watu, kitambaa chote kilijaa mwezi.

Ulikuwa wa kijivu. Filamu haikuwa na rangi. Bango lilikuwa na rangi, filamu haikuwa nayo, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Ule mwezi tulioukumbuka wiki nzima, wa jiwe la shaba na mistari myeusi, haukuwamo. Palikuwa na majivu, na mashimo ndani ya majivu. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi, na Édouard akinong’ona, “Eh, mama.” Uso wa Marceline ulikuwa umepata mwanga, mweupe, ukichezacheza, na macho yake yalikuwa wazi.

“Symphorien,” aliita kutoka benchi, si kwa sauti ya juu. “Ni kijani?”

Alikuwa ameshika kipaza sauti karibu na mdomo, na tulisikia pumzi yake ukumbi mzima. Aliutazama mwezi ule, mara ya kwanza, pamoja nasi. Aliutazama muda mrefu kuliko ilivyomfaa msemaji.

“Bandugu,” alisema hatimaye, na ilikuwa ile sauti yake, yote, “tumefika, lakini tumefika usiku. Rangi bado zinalala.”

Marceline aliitika kwa kichwa. Alikivuta kitambaa chake, akajifunika mabega kama mtu aliye nje kwenye baridi.

“Basi tungoje kuche,” alisema, nami katika benchi la nyuma yake nilifunga vifungo vya koti langu.